Usukani wa Gari Dogo la Zamani na Kitabu Kilichopotea

Magari madogo ya zamani yameanza kurudi barabarani. Yale tuliyokwisha kuyahesabu kuwa chuma chakavu, yaliyolala miaka mingi nyuma ya gereji huku kuku wakitagia katika viti vyake, sasa yanavutwa nje, yanasuguliwa kutu, yanapakwa rangi mpya na kununuliwa na vijana ambao walikuwa hawajazaliwa yalipotoka kiwandani. Hatuna ugomvi na vijana hao. Gari dogo la miaka ya 1960 ni zuri kutazama, fundi ye yote mwenye spana chache aweza kulifungua na kulifunga, na wala halina kompyuta ya kuharibika. Lakini liko jambo moja ambalo mnunuzi haelezwi, nalo halionekani kwa kulizunguka gari na kugonga-gonga mabati.

Jambo hilo hujitokeza kwanza katika kituo cha mafuta. Kijana anasimamisha gari lake, tuseme Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, na kumwomba mhudumu amjazie upepo. Mhudumu anauliza, "Ngapi?" Naye anajibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu: "Thelathini zote, kaka." Mpira unafuata mpira, vifuniko vinarudishwa, asante inatolewa na gari linaondoka. Hakuna aliyezembea. Hata hivyo gari lile limetoka kituoni likiwa na hatari zaidi kuliko lilivyoingia.

Sababu ni kwamba kitabu cha mwenye gari, kile kilichotolewa pamoja nalo lilipokuwa jipya, kilitaka upepo wa ratili zipatazo 16 tu kwa inchi ya mraba katika mipira ya mbele, na zipatazo 24 katika ile ya nyuma. Asiyejua akiziona nambari hizo hudhani mpiga chapa amekosea, maana mpira wenye ratili 16 hukaa kama wenye pancha. Hakukosea mtu. Tofauti ile kati ya mbele na nyuma ilikuwa dawa ya ugonjwa ambao watengenezaji wenyewe waliujua, na dawa hiyo ilikabidhiwa kwa mtu mwenye bomba la upepo mkononi.

Ili tuufahamu ugonjwa wenyewe hatuna budi kuanza na uzito. Waliobuni magari madogo ya bei nafuu kati ya miaka ya 1930 na ya 1950 walikabiliwa na swali moja: vipi watu wanne na mizigo yao wataenea katika chombo kifupi, chepesi na chenye bei ambayo mfanyakazi wa kawaida aweza kuilipa? Wengi wao, akiwamo Ferdinand Porsche aliyeibuni Volkswagen, walijibu kwa kuiweka injini nyuma. Kwa kufanya hivyo walikwepa shafti ndefu inayopita chini ya sakafu, sakafu ikawa bapa, na makelele na harufu za injini zikabaki nyuma. Injini iliyopozwa kwa hewa haikuhitaji rejeta wala maji, jambo ambalo wakazi wa nchi kavu walilishukuru. Gharama ya yote hayo ni kwamba karibu sehemu tatu kati ya tano za uzito wa gari zililalia magurudumu ya nyuma.

Hebu fikiri mshale. Uzito wake uko kichwani, nyuma una manyoya mepesi. Ndiyo maana hukata hewa ukiwa umenyooka. Mtu akiurusha kinyume, manyoya yakitangulia, utageuka hewani hata kichwa kishike njia yake ya asili. Gari lenye injini nyuma ni mshale uliorushwa kinyume. Katika mwendo wa kawaida halina taabu, tena usukani wake ni mwepesi hata mtoto aweza kuuzungusha, kwa kuwa mbele hamna mzigo. Lakini upepo wa ubavuni ukivuma katika uwanda ulio wazi, au lori kubwa likipita upande wa pili, pua ya gari husukumwa kando na dereva hulazimika kuirudisha tena na tena. Mtaani kwetu alikuwako mzee mmoja aliyeweka kiroba cha mchanga katika buti la mbele la gari lake dogo la namna hiyo, nasi watoto tulimcheka tukidhani amesahau kukishusha. Mzee alijua alichokuwa akifanya.

Hata hivyo uzito peke yake haukuwa na ubaya mwingi. Ubaya ulikuja uzito huo ulipokutana na ekseli ya nyuma ya aina ya pekee. Katika magari haya kila gurudumu la nyuma lilikazwa imara kwenye ncha ya nje ya nusu-ekseli yake, na nusu-ekseli hiyo ikawa na kiungo kimoja tu, kule ndani karibu na sanduku la gia. Ikawa inapanda na kushuka mfano wa mlango unaozunguka katika bawaba zake. Ni mpango rahisi na wa bei nafuu, na katika barabara ya mashimo ni mzuri kuliko ekseli nzima ya chuma, kwa sababu gurudumu moja likianguka shimoni lingine halisumbuki. Kasoro yake ni kwamba gurudumu haliwezi kupanda wala kushuka bila kuinama. Sehemu ya nyuma ya gari ikiinuka, magurudumu hujikunja kwa ndani kama nyayo za mtu anayesimama juu ya kingo za miguu yake.

Sasa mfuate dereva anayeingia kona kwa kasi. Gari linalalia upande wa nje. Katikati ya kona anaona amezidisha mwendo, naye anafanya kile ambacho maumbile humwamuru kila mtu mwenye hofu: anaondoa ghafla mguu katika eksileta, au mbaya zaidi, anakanyaga breki. Papo hapo uzito unakimbilia mbele, nyuma inainuka, na lile gurudumu la nje linalobeba mzigo wote linajikunja chini ya gari mithili ya kifundo cha mguu kinachoteguka. Linapojikunja huliinua gari zaidi, na gari likiinuka gurudumu huzidi kujikunja. Mkia unaserereka kwenda nje, pua inageukia ndani, na kama mpira ukinasa katika ukingo wa lami au mfereji, gari hupinduka. Haya yote hukwisha kabla dereva hajamaliza kushangaa, hasa ikiwa amejifunza kuendesha gari lenye injini mbele, ambalo ukizidisha mwendo katika kona hukuonya mapema kwa kugoma kugeuka.

Hapo ndipo zile ratili 16 zinapoingia. Mpira wenye upepo mchache hujipinda zaidi ubavuni, kwa hiyo hushika njia kwa ulegevu. Kwa kuilegeza mipira ya mbele kwa makusudi, kiwanda kilifanya pua ya gari itangulie kuteleza kidogo kabla ya mkia, ili dereva apate onyo. Ni hila ya kiakili sana, nami sina neno la kuwadharau walioifikiria. Lakini mhudumu wa kituo akijaza 30 mbele na 30 nyuma, hila yote inafutika. Mbele inakuwa imara, tofauti na nyuma inatoweka, na onyo linaondolewa.

Shauri hili lilipata kusikika ulimwenguni kote kwa sababu ya gari la Kimarekani lililoitwa Chevrolet Corvair. Lilianza kuuzwa kwa mwaka wa 1960, nalo kwa kipimo cha Wamarekani lilihesabiwa kuwa gari dogo: injini ya silinda sita nyuma, ikipozwa kwa hewa, na ekseli za nyuma za namna tuliyoieleza. Kitabu chake kilitaka ratili 15 mbele na 26 nyuma. Kipo kifaa ambacho kingepunguza hatari, nacho ni fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ya mbele ili gari lisilale sana kwenye kona. Lakini fimbo hiyo haikufungwa katika magari ya mwanzo kama kitu cha lazima. Ilikuja kuwa ya kila gari mwaka 1964 pamoja na springi ya ziada iliyolazwa kwa upana nyuma, na mwaka 1965 ekseli zote za nyuma zilibuniwa upya.

Mwaka huohuo wa 1965 mwanasheria kijana aitwaye Ralph Nader alichapisha kitabu kiitwacho "Unsafe at Any Speed", na sura yake ya kwanza ilihusu gari hilo. Hoja yake iliyouma kuliko zote haikuwa ya ekseli wala springi. Aliuliza ni haki gani kuuweka usalama wa familia juu ya nambari mbili za upepo ambazo wenye magari wengi hawazijui na vituo vya mafuta havizifuati. Kampuni ya General Motors, iliyolitengeneza Corvair, ilifanya kosa la kuajiri wapelelezi wamfuate Nader na kuchungua maisha yake ya siri. Jambo hilo lilipofichuka, mkuu wa kampuni, James Roche, aliitwa mbele ya kamati ya Baraza la Senate mnamo Machi 1966 akaomba radhi hadharani. Mwezi Septemba mwaka huo Rais Johnson alitia sahihi sheria ya usalama wa magari, na mwaka 1970 kampuni ilimlipa Nader dola 425,000 kumaliza kesi aliyoifungua. Corvair lenyewe lilikuwa limekwisha kuachwa kutengenezwa mwaka 1969.

Mkasa huo una mwisho ambao husimuliwa kwa nadra. Serikali ya Marekani ililifanyia Corvair majaribio pamoja na magari mengine ya wakati wake, Volkswagen na Renault yakiwamo, na taarifa iliyotolewa mwaka 1972 ilisema kwamba katika kugeuka kwa ghafla gari hilo halikuwa baya kuliko wenzake. Wapenzi wa Corvair huitaja taarifa hiyo kwa furaha hadi leo. Waendelee kufurahi, lakini sisi tuliopanda hao wenzake kwa miaka mingi tuisome mara ya pili.

Mtu wa Afrika ya Mashariki ana haki ya kuuliza hapa: kama magari haya yalikuwa na maradhi kiasi hicho, mbona yalishinda mashindano ya Safari? Ni kweli kabisa. Mashindano yale yalianzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita katika njia za Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ilitwaa ushindi mwaka 1954, tena 1957, tena 1962. Jibu ni kwamba kila kasoro ina uso wa pili. Mashindano yalikuwa yakifanyika wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameshika, na katika tope uzito ulio juu ya magurudumu yanayosukuma ni neema. Gari lenye injini mbele na magurudumu ya kusukuma nyuma hupiga tope likachimba kaburi lake mwenyewe, wakati lile la mgongo wa kobe hupanda mlima taratibu kwa sakafu yake bapa ikiteleza juu ya matuta. Isitoshe, katika barabara ya udongo mkia hauteguki kwa ghafla. Huteleza mapema na polepole, na dereva hodari huutumia kama nahodha atumiavyo usukani wa jahazi. Hatari kubwa ilikuja pamoja na lami nzuri, kwa sababu lami hushika mpira kwa nguvu mpaka dakika ya mwisho, kisha huuachia wote kwa mara moja.

Watengenezaji nao hawakulala. Volkswagen iliifungia aina yake ya 1500, iliyotoka mwaka 1966, fimbo maalumu ya kusaidia magurudumu ya nyuma wakati wa mzigo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ilianza kutumia nusu-ekseli zenye viungo viwili ambazo haziinamishi gurudumu. Kwa mnunuzi wa leo hiyo ni tofauti kubwa, kwani mabati ya nje yalibaki yakifanana mno. Hana budi kuingia chini ya gari na kutazama. Hillman Imp ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1963, iliepa kosa la nyuma kwa kutumia mikono imara ya chuma, lakini ikafunga ekseli za bawaba mbele, na kitabu chake kikataka upepo wa nyuma uwe karibu mara mbili ya ule wa mbele. Triumph Herald ya mwaka 1959 ilikuwa na injini mbele na ekseli za bawaba nyuma. Hiyo ilisifika kwa jambo jingine: magurudumu yake ya mbele yalikunjika kiasi cha gari kugeuka katika duara la futi 25 tu. Mwenyewe aliweza kugeuza uchochoroni bila kurudi nyuma, na mipira yake ikalia kwa kusuguliwa.

Si kila kioja cha usukani kilikuwa cha kutisha, na hapa nadhani tumeruhusiwa kupumua kidogo. Katika Isetta, gari dogo la Kiitaliano lililoanza mwaka 1953 na baadaye kutengenezwa pia na BMW, mlango ulikuwa mmoja tu na uko puani pa gari. Ukiufungua, usukani na dashibodi hufuatana nao kukupisha uingie. Messerschmitt KR200 ya mwaka 1955 haikuwa na usukani wa mviringo bali mpini kama wa pikipiki, abiria akakaa nyuma ya dereva, na haikuwa na gia ya kurudi nyuma. Kurudi nyuma kulifanywa kwa kuizima injini na kuiwasha ikizunguka kinyume, na kwa hiyo dereva alikuwa na gia zote nne za kurudi nyuma, kama angekuwa na moyo wa kuzitumia. Wajerumani hao walikuwa wakitafuta usafiri baada ya vita kwa mabati machache waliyokuwa nayo, na kicheko chetu kisiwe kirefu.

Kioja ambacho hakina udhuru wa umaskini ni kile cha Austin Allegro. Gari hilo la Kiingereza lilitolewa mwaka 1973 likiwa na usukani wa pembe nne zilizoviringwa, karibu na umbo la sinia. Maelezo yalikuwa kwamba upande wa chini uliokatwa ungeyapisha mapaja ya dereva, na ule wa juu ungemwachia aone saa za dashibodi. Huenda, lakini mkono wa dereva umezoea kuachia usukani ujirudie wenyewe baada ya kona, na kitu chenye pembe kikijirudia kati ya vidole huwa hakieleweki kimefika wapi. Kufikia mwaka 1975 usukani wa mviringo ulikuwa umerudishwa.

Mini ya mwaka 1959, kazi ya Alec Issigonis, iliondoa taabu ya mkia kwa kuweka injini na magurudumu ya kusukuma yote mbele, injini ikalazwa kwa upana. Ilishika kona kama panya na ilishinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Lakini usukani wake uliinama kama wa basi, maji yaliingia sakafuni katika magari ya mwanzo mpaka mazulia yakalowa, na distribyuta ilielekea moja kwa moja kwenye matundu ya mbele. Mvua ikinyesha kwa nguvu, maji yalipenya, moto wa plagi ukafa na gari likazimika katikati ya dimbwi. Akina mama watafurahi kujua kwamba dawa iliyoenea ilitoka jikoni: glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, iliyokatwa ncha za vidole ili nyaya zipite, ikavalishwa distribyuta.

Renault 4 ya mwaka 1961, ambayo ilitengenezwa zaidi ya milioni nane, ilikuwa na ajabu ambayo hufanya mafundi wageni wapime mara tatu. Umbali kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma si sawa kwa pande mbili. Upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine kwa takriban sentimita tano. Gari halikupata ajali. Springi zake za nyuma ni fimbo ndefu za chuma zilizolazwa chini ya sakafu kwa upana wote, na kwa kuwa mbili haziwezi kukaa mahali pamoja, moja ililazwa mbele ya nyingine na gurudumu lake likafuata. Nimepata kusikia habari ya fundi aliyetaka kulinyosha gari la namna hiyo kwa nyundo, nami naomba isiwe kweli.

Turudi kwenye yale ya kuumiza. Katika magari mengi madogo ya kabla ya mwaka 1967 mhimili wa usukani ulikuwa fimbo moja ya chuma isiyokunjika, kutoka kwenye kisanduku cha usukani kule mbele hadi kifuani pa dereva. Gari likigongana uso kwa uso, mabati ya mbele yalirudi nyuma na fimbo ile ikarudi pamoja nayo kama mkuki. Mikanda ya kiti, pale ilipokuwapo, haikutosha kuuzuia. Kuanzia Januari 1, 1968 sheria ya Marekani ililazimisha mhimili unaojikunja wenyewe kwa pigo, na Volkswagen ilianza kuufunga katika magari ya mwaka huo wa modeli, yaliyotoka kuanzia Agosti 1967. Yale ya zamani zaidi hayana, na rangi mpya hailibadili jambo hilo.

Kisanduku chenyewe cha usukani nacho kinahitaji jicho. Katika Volkswagen nyingi ni parafujo nene inayosukuma kiroda, na sehemu inayolika zaidi ni ya katikati, kwa sababu safari nyingi ni za kwenda mbele. Mwenye gari analalamika kwamba usukani unacheza. Fundi mwenye haraka anakaza skurubu ya juu mpaka mchezo unakwisha. Katika njia iliyonyooka gari linakuwa zuri, lakini kwenye kona parafujo inafika mahali ambapo haijalika, inabana, na usukani haujirudii. Afadhali mchezo mdogo kuliko usukani unaoganda. Kabla ya kukigusa kisanduku, na vikaguliwe kwanza viungo vya fimbo za usukani, beringi za magurudumu ya mbele, na kile kidude cha kuzuia mtetemo, ambacho katika magari mengi yaliyokuja kwetu kimekwisha mafuta zamani.

Sasa nirudi kwenye kitabu. Magari haya yalipofika katika bandari zetu yakiwa mapya, kila moja lilikuwa na kitabu chake, aghalabu kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani. Mwenye gari wa kwanza alikiweka katika sanduku la dashibodi. Alipoliuza, kadi ya gari ilifuata kwa sababu serikali huidai; kitabu hakuna anayekidai. Kwa mwenye gari wa nne kilikuwa kimekwisha kuwashia jiko. Pamoja nacho zilipotea zile nambari mbili, na pamoja nazo ikapotea habari yote ya kwa nini gari hili si la kuachiliwa eksileta katikati ya kona.

Kwa hiyo, kijana uliyelinunua gari la namna hii, kwanza tafuta kitabu chake. Vingi vimechapishwa upya na hupatikana. Angalia aina ya mipira uliyofunga, kwa kuwa zile ratili za zamani zilihesabiwa kwa mipira ya nyuzi zilizopishana ya wakati ule. Mipira ya sasa ya redio inataka nambari zake nyingine, za juu kidogo, lakini tofauti kati ya mbele na nyuma lazima ibaki. Usifunge aina moja mbele na nyingine nyuma. Pima asubuhi, mipira ikiwa baridi. Punguza mwendo kabla ya kona, siyo ndani yake, na ukiwa ndani tia mafuta kidogo ili mkia ukae chini. Ukiona umeingia kwa kasi kupita kiasi, usiuondoe mguu kwa ghafla. Ulegeze taratibu, usukani ukiwa thabiti. Kulifanya hilo huku moyo unadunda ni kazi ngumu, basi lijaribu kwanza katika uwanja mtupu, kwa mwendo mdogo, pamoja na mtu mzima aliyewahi kuyaendesha magari haya.

Kisha chukua brashi ndogo na rangi nyeupe, uziandike nambari zile mbili, ya mbele na ya nyuma, ndani ya mfuniko wa buti la mbele karibu na tangi la petroli, mahali ambapo mhudumu wa kituo hawezi kukosa kuziona. Huko huko mbele umelala mpira wa akiba. Katika Volkswagen nyingi za miaka ya 1960 upepo wake ndio unaosukuma maji ya kuoshea kioo, kwa kimpira chembamba kilichounganishwa na vali. Kiwanda kiliweka kizuizi ili upepo usipungue kupita kiasi, lakini kizuizi cha umri wa miaka zaidi ya 50 si cha kutegemewa. Kwa hiyo mwambie mhudumu, akimaliza yale manne, apime na wa tano.